Vitone Vinane vya Ingegerd

Ingegerd Sandelin alikaa ghorofa ya tatu, juu ya kichwa changu, katika jengo lisilo na lifti. Kutoka mlango wa barabarani hadi kwake ni ngazi hamsini na nne. Nazijua kwa sababu alizihesabu kwa sauti akipanda, na goti lake la kushoto lilipoanza kumgomea, kila ngazi ilipata jina ambalo siwezi kuliandika hapa. Alikuwa na miaka sabini na minne, mfupi, mkavu, na ulimi usio na breki. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa mpokea simu wa hospitali ya mkoa hapa mjini Norrköping, na bado aliweza kukukatiza katikati ya maneno kwa adabu kiasi kwamba ulimshukuru.

Alitaka kitu kimoja tu: nyumba ya chini. Chama cha nyumba cha Kvarnbacken kina majengo matatu kando ya mto, na nyumba zake za chini zina mlango unaofunguka moja kwa moja kwenye majani. Yeye na mumewe Holger walijiandikisha kwenye foleni ya chama hicho Novemba mwaka 1988. Huku kwetu foleni ndiyo dini iliyobaki. Mtu ambaye hajakanyaga kanisa tangu abatizwe hawezi kumpita mwenzake hata kwenye duka la dawa. Atachukua kijikaratasi chake cha namba, atakaa, atakitazama mpaka namba yake iitwe. Holger alifariki mwaka 2011 akiwa bado kwenye foleni, ambayo huhesabiwa kwa siku ulizosubiri, na siku zao zote zikabaki kwa mkewe.

"Siku elfu tisa mia nane na kitu," aliniambia siku moja kwenye chumba cha kufulia nguo cha jengo letu. "Nikifika elfu kumi napata mlango wa bustanini, na wewe Tore utatafuta mtu mwingine wa kukukanyagia dari."

"Nitakukumbuka."

"Utakumbuka nini? Kisigino?"

Sheria ya foleni ilikuwa moja. Kila Novemba, kabla mwezi haujaisha, unaingia kwenye tovuti ya chama na kubonyeza kitufe kilichoandikwa "Bado nasubiri". Usipobonyeza, tarehe mosi Desemba unaondolewa na siku zako zote zinafutwa. Zamani barua ilikuja nyumbani na uliirudisha kwa posta. Baadaye wanachama wakapiga kura kubana matumizi, na barua zikakoma.

Ingegerd hakuwahi kulijua neno la siri la kuingilia. Aliliweka Holger, siku waliyonunua kompyuta, akaiambia kompyuta ilikumbuke. Tangu hapo, ukurasa ukifunguka, visanduku viwili vilijijaza vyenyewe: juu anwani ya barua pepe ya Holger, chini vitone vinane vyeusi. Yeye alibonyeza tu. "Sijui kuna nini ndani ya vile vitone," alikuwa akisema. "Holger kaondoka nalo. Lakini kompyuta inalijua, na mimi na kompyuta tunaheshimiana."

Sasa niseme na mimi ni nani, maana siwezi kujificha nyuma ya mwanamke huyu mpaka mwisho. Nafanya kazi katika ofisi ya watu saba wanaotengeneza tovuti. Mimi ndiye mjaribu: nauchokonoa ukurasa kabla haujatolewa, nione utavunjikia wapi. Mwaka 2015 tulipewa kazi ya kutengeneza upya ukurasa wa kuingilia wa Kvarnbacken, na mimi, kwa kiherehere changu, nikamtangazia Ingegerd tukiwa tunasubiri mashine imalize kuzungusha nguo.

"Mwaka huu utakuta ukurasa mpya. Mzuri. Nimeukagua mwenyewe."

"Basi hapo sina wasiwasi," akasema.

Ijumaa moja ya Oktoba nilikuwa nimechoka. Kwa kawaida naandika jina na neno la siri kwa mkono, mara hamsini kwa siku, kwa sababu ndivyo orodha ya majaribio inavyotaka. Siku hiyo nikaiachia kompyuta ijaze yenyewe. Visanduku vikajaa. Kitufe kikabaki kijivu. Nikakibonyeza, kimya. Nikatazama tena: visanduku vimejaa, na chini yake maandishi mekundu yananiambia nijaze visanduku.

Nilielewa mara moja. Ukurasa wetu ulikuwa unangoja vidole. Ulihesabu herufi kila zilipopigwa, moja baada ya nyingine. Kompyuta ilipoyamwaga maneno yote kwa mpigo bila kidole kugusa kitu, ukurasa haukusikia chochote, ukadhani visanduku ni vitupu, wakati wewe mwenye macho unaviona vimejaa. Dawa yake nikaipata kwa nusu dakika: weka kielekezi mwishoni mwa vitone, andika herufi moja, ifute. Ukurasa unazinduka, kitufe kinageuka kijani.

Nikamwita Staffan, bosi wangu. Alishavaa koti.

"Kubwa au ndogo?" akauliza.

Ilikuwa saa kumi na moja na nusu jioni. Duka la pombe la serikali hufungwa saa moja na liko upande wa pili wa mji, na nilikuwa na wageni. Ningesema kubwa, tungevua makoti wote wawili.

"Ndogo," nikasema. "Mtu ataandika upya tu."

"Basi baada ya Krismasi." Akaniandikia tarehe ya Februari, tukazima taa.

Naomba msomaji aelewe kwamba sikudanganya. Niliamini kweli kwamba kila mtu analijua neno lake la siri. Huo ndio upumbavu wa watu wa kazi yangu. Tukishajua pa kugusa, tunasahau kwamba kuna mtu amekaa mbele ya kitu hichohicho na hana pa kugusa.

Ya Novemba nilikuja kuyajua baadaye, kwa kinywa chake mwenyewe. Tarehe tatu alikaa mezani na kahawa yake, akafungua ukurasa mpya, akausifu rangi. Vitone vikaja. Akabonyeza. Maandishi mekundu: jaza neno la siri. "Nikakiambia, limejazwa hilo, huna macho?" Akabonyeza kwa nguvu zaidi. Akazima kompyuta, akaiacha ipumzike saa nzima, akaiwasha. Vitone vinane, kitufe kijivu. Akabonyeza palipoandikwa "Umesahau neno la siri?", na barua ya kubadilisha ikapelekwa kwenye anwani ya Holger, ambayo yeye mwenyewe aliifunga baada ya mazishi kwa sababu matangazo ya vifaa vya kuvulia samaki yalikuwa hayaishi na yalimliza.

Akapiga simu. Ofisi ya chama hupokea simu Jumanne na Alhamisi, saa tatu hadi saa tano asubuhi. Sauti ikamwambia yeye ni wa thelathini na nane. Akangoja. Saa tano kamili simu ikakatika. Alifanya hivyo mara nne. Katika yote yaliyompata, nadhani hilo ndilo lililomuudhi zaidi. "Miaka thelathini na moja, Tore. Sikuwahi kumkata mtu bila kumuaga."

Tarehe thelathini, siku ya mwisho, akaamua kwenda mwenyewe ofisini kwao. Kulikuwa na barafu. Akashuka ngazi kumi na nane, mpaka mbele ya mlango wangu, goti likakataa. Alikaa kwenye ngazi pale nusu saa, mkoba mapajani, halafu akapanda tena kwa kushika ukuta. Mimi nilikuwa kazini.

"Kwa nini hukubisha hodi jioni yoyote kabla ya hapo?" nilimuuliza. "Mwezi mzima! Niko chini yako!"

"Niliona taa yako. Nikasema, mtu ametoka kazini, amechoka. Na ulishaniambia ukurasa ni kazi yako. Nikaona aibu. Ningekuja kukuambia nini? Kwamba wenzangu wote wanaweza, mimi siwezi?"

Hivi ndivyo tulivyo huku. Mtu ataona heri afie jikoni kwake kuliko kumsumbua jirani, na jirani atakuja mazishini na maua, aseme, laiti angesema. Zamani niliiona ni heshima. Siku hizi inanitia hasira.

Aliniambia habari hizo Januari, kwenye chumba cha kufulia, tukikunja mashuka. Kukunja shuka ni kazi ya watu wawili, na yeye hakuwa na wa pili ila mimi.

"Shika huku. Vuta. Siyo hivyo, unavuta kama unamkamata ng'ombe. Nimetolewa kwenye foleni."

Nilidhani anatania. Nikapanda naye hadi juu, ngazi kwa ngazi, yeye akihesabu. Sebuleni kwake akaniwekea maandazi ya iliki, akafungua kompyuta. Vitone vikajipanga. Kitufe kijivu. Nikaweka kielekezi mwishoni, nikaandika herufi moja, nikaifuta. Kitufe kikawa kijani.

Ukurasa ukafunguka bila shida yoyote. Uliandikwa: "Uliondolewa kwenye foleni tarehe 1 Desemba 2015. Siku zako: 0. Karibu ujiandikishe upya."

Aliyasoma polepole, miwani ikiwa mkononi na uso karibu na kioo. Halafu akacheka kidogo.

"Kumbe rahisi hivyo. Herufi moja. Na mimi nimekaa hapa mwezi mzima kama gogo. Uzee huu, Tore, unakufanya mjinga kabla hujajua."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Mdomo nilikuwa nao. Nilikuwa na andazi ndani yake, nikaendelea kutafuna.

Nilinyamaza siku kumi na sita. Kila nilipokutana naye alijidharau upya: mikono yangu hii, kichwa changu hiki, Holger angenicheka. Akamwandikia mpwa wake huko kaskazini kwamba amejiharibia mwenyewe. Siku ya kumi na saba nikaenda kwa Staffan, nikamwambia. Alirekebisha kosa lile kwa dakika kumi na moja, mistari miwili, mbele yangu. Nikamwomba tuwaandikie Kvarnbacken.

"Kuwaambia nini?"

"Kwamba kwa hesabu za tovuti yao, mwaka juzi waliondolewa watu kumi na wawili, na mwaka jana hamsini na wanane. Hao arobaini na sita waliozidi hawakuacha kusubiri, Staffan. Ni sisi."

"Huna uhakika."

"Ninaye mmoja juu ya kichwa changu."

Akafunga mlango wa ofisi taratibu. "Tore, tuko saba. Tukiandika barua hiyo, tutakuwa hatuko."

Niliandika mwenyewe, nyumbani, kwa jina langu, nikaipeleka kwa miguu. Baada ya wiki akanipigia Solveig, mwanamke anayesimamia foleni ya chama, sauti laini, aliyechoka. Alinisikitikia. Akasema kuwarudisha watu wote haiwezekani. Nafasi zilishasogea, wengine wamekwishapewa nyumba, na wale wengine hakuna aliyelalamika. Nikamwambia hawajalalamika kwa sababu kila mmoja amekaa mahali anadhani ni ujinga wake. Akavuta pumzi. Akasema lakini kwa Ingegerd kuna njia. Kanuni inaruhusu kumrudisha mtu aliyekuwa mgonjwa Novemba. Asaini karatasi tu, siku zake zote zitarudi, na Aprili kuna nyumba ya chini itakayobaki wazi, upande wa mto.

Sijawahi kupanda ngazi zile haraka vile. Niliweka karatasi mezani, nikampa kalamu, nikasema kila kitu kwa mpigo: Aprili, upande wa mto, saini hapa.

Alivaa miwani akaisoma.

"Inasema niliumwa."

"Goti si ugonjwa?"

"Goti liliniuma siku moja. Siku ishirini na tisa nilikuwa nimekaa hapa mzima wa afya, nabonyeza." Akaivua miwani. "Na kwa nini wanirudishe? Kosa ni langu."

Basi nikasema. Nilimwambia kuhusu ile Ijumaa, kitufe kijivu, "kubwa au ndogo", na neno nililojibu. Duka la pombe pia nililisema, sijui kwa nini, labda nilitaka aibu yote iwe mezani. Hakunikatiza hata mara moja.

"Ulijua," akasema mwishowe.

"Nilijua."

"Na siku ile ulipoandika hiyo herufi moja, umekaa kwenye kiti hicho, ulijua."

"Ndiyo."

Akaelekea dirishani, akarudi. "Wengine wangapi?"

"Arobaini na tano."

"Nao wanarudishwa?"

"Hapana. Wewe tu. Ingegerd, tafadhali, saini. Umesubiri miaka ishirini na saba."

"Na wao walikuwa wanafanya nini? Walikuwa wanacheza?" Sasa sauti ilikuwa imepanda. "Kuna mtu huko ana siku elfu nane, amefutwa kama mimi, hana jirani wa kumwandikia barua. Nimpite? Nipitie mlango wa nyuma na cheti cha uongo, halafu nikae bustanini ninywe kahawa?"

"Ukikataa, wao hawapati kitu. Nyumba ataichukua mtu mwingine kabisa."

"Huyo atakuwa amefikiwa na zamu yake."

"Zamu gani! Foleni yenyewe imeharibika, nimekwambia nimeiharibu mimi!"

"Basi nenda kaitengeneze. Hao arobaini na tano wakirudi, na mimi nitarudi, mahali pangu, nyuma ya aliye mbele yangu." Akanirudishia kalamu, baada ya kuifunga kifuniko.

Nilijaribu. Naapa nilijaribu. Majina hawakunipa, ni siri ya wanachama. Gazeti la mji lilinisikiliza dakika tano, likauliza kama nina mtu wa kupigwa picha. Nikamuuliza Ingegerd, akasema yeye si wa kuwekwa gazetini akilia. Wakili wa bure wa manispaa alisema sheria za chama ni za chama. Staffan hakunifukuza. Alinihamishia kazi ya kukagua bei kwenye tovuti ya mbegu za maua, na asubuhi akawa ananisalimia kwa jina la ukoo, kama mgeni. Tarehe kumi na tano Machi Solveig alipiga tena kuuliza kama karatasi itasainiwa, maana wanafunga orodha ya nyumba ya Aprili. Nikamwomba siku mbili. Nikapanda juu. Ingegerd akanijibu akiwa ndani, mlango haujafunguliwa: "Jibu ni lile lile."

Aprili nyumba ya upande wa mto ilichukuliwa na mume na mke walimu, vijana, watu wazuri kwa kadiri ninavyojua. Siku zao zilikuwa zimefika. Goti la Ingegerd likaisha kabisa mwezi huohuo. Daktari alitaka kulipasua, yeye akauliza baada ya kupasuliwa atapandaje huku. Akaacha kushuka. Chakula chake nikawa namletea mimi, Jumanne na Ijumaa, naweka mfuko mlangoni, nabisha, nangoja. Alinilipa kila senti, ndani ya bahasha, na shukrani imeandikwa juu kwa herufi nzuri za mtu wa ofisini. Kunikaribisha ndani hakunikaribisha.

Mwezi Mei nikashindwa kuvumilia. Alipofungua kuchukua mfuko nikauzuia mlango kwa mguu, jambo ambalo huku ni karibu na kosa la jinai.

"Nitukane," nikamwambia. "Una ulimi. Nitukane, uniambie unanichukia, tumalize. Nilikuja kusema ukweli. Ningeweza kunyamaza."

"Bora ungenyamaza."

"Nini?"

Hakuwa na hasira. Alionekana mdogo kuliko nilivyomzoea, ameegemea fremu ya mlango, mkono mmoja kwenye goti.

"Ungeniacha nidhani ni mimi," akasema. "Nilikuwa nimeshazoea. Mzee mjinga ameshindwa na kompyuta, amekosa nyumba, ndivyo dunia ilivyo, nilikuwa najicheka asubuhi na kunywa kahawa yangu. Ujinga wangu ningekufa nao bila taabu. Wako siuwezi. Nausikia kila siku, Tore. Unafungua bomba, unaburuta kiti, unakohoa chini ya sakafu yangu. Na mimi siwezi kushuka niondoke."

Niliutoa mguu wangu. Alifunga mlango polepole, kwa adabu, akaniaga kwanza.

Kiti nimekivika soksi miguuni. Nikipata kikohozi natoka nje, hata kama ni mvua, nasimama barabarani mpaka kiishe.